Mnara wa KICC na Jua la Nairobi

Hamjambo wanafunzi, na shikamooni wazee wetu mliofika. Leo nina jengo moja tu la kuzungumzia, na wengi wenu mmekuja nalo mfukoni: noti zote mpya za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina picha ya KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta hapa Nairobi. Asiye na noti amwombe jirani amwonyeshe, lakini airudishe.

Jengo hili lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway, pamoja na David Mutiso, msanifu mkuu wa serikali. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao ya KANU, chama tawala cha wakati huo, tena si refu hivyo. Ikajulikana kuwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973. Michoro ikapanuliwa, mnara ukapanda hadi ghorofa 28, mita 105. Siasa zake tuwaachie wenzetu wa historia. Sisi tutazame madirisha.

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Saa sita mchana, mwezi wowote ule, jua letu haliteremki chini ya nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho. Chukua dirisha la mita moja na nusu linalotazama kaskazini au kusini: kibaraza cha zege, yaani ukingo unaochomoza ukutani, cha sentimita 70 juu yake kinalikinga lote na jua la saa sita mchana. Hesabu hiyo fundi yeyote anaifanya kwa penseli. Taabu iko mashariki na magharibi. Huko jua huja likiwa chini, linapita chini ya kibaraza na kumpiga karani usoni. Kinachofaa hapo ni mbavu za wima, yaani bapa zinazochomoza ukutani kando ya dirisha, au dirisha dogo lililozama ukutani.

Sasa, mnara wa duara hauna mgongo wa kuligeuzia jua. Lazima kuna chumba kinachotazama magharibi. Ndiyo maana KICC imevikwa kivuli pande zote, na madirisha yamerudi nyuma ya zege lenye rangi ya udongo mwekundu. Watu husifu rangi hiyo. Mimi nasifu kina cha madirisha.

Linganisheni na maghorofa ya vioo yanayoota Upper Hill na Westlands, hapa hapa Nairobi. Sisemi vioo ni haramu. Vipo vya kisasa vinavyopunguza joto, ingawa bei yake si ya mchezo. Lakini piteni hapo saa kumi jioni, mtazame upande wa magharibi: mapazia yameshushwa mpaka chini na taa zinawaka. Mwenye jengo amelipia kioo apate mwanga, amelipia pazia auzuie, kisha analipia umeme aurudishe, na kiyoyozi juu yake, katika mji wenye hewa ambayo watu wa Dar es Salaam wanatuonea wivu.

Kwa hiyo kazi ya wiki ijayo ni hii: chora ukuta wa magharibi wa ofisi ya ghorofa kumi, bila kiyoyozi. Atakayeniletea kioo kitupu nitamrudishia karatasi yake kabla sijaketi.