Kumlea kwa muda mbwa aliyejeruhiwa mpaka apate kwao

Karibu mtazamaji. Huyu aliyejilaza hapa mbele ya kamera anaitwa Doa, na ukitazama baka hili la kahawia juu ya jicho la kushoto utajua jina limetoka wapi. Aliokotwa kando ya barabara baada ya kugongwa na gari. Mfupa wa paja la nyuma ulikuwa umevunjika na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Leo ametimiza wiki 14 nyumbani kwangu, na Jumamosi anahamia kwa watu walioomba kuishi naye. Nitakuonyesha yaliyofanyika kati ya siku ile na hii, hatua kwa hatua, ili nawe ukipewa mbwa wa namna hii ujue pa kuanzia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Mlezi wa muda si daktari, wala si mwenye mbwa. Unamshikilia mpaka apone na azoee watu, halafu unamkabidhi. Ndiyo maana kifaa muhimu kuliko vyote utakavyoviona leo ni hili daftari la kawaida. Kila kitu utakachokijua kuhusu huyu mbwa lazima kiweze kuhama pamoja naye.

Hatua ya kwanza ni kabla hajafika. Waulize waliomwokoa maswali manne na uyaandike majibu yake: nani anagharamia matibabu, nani anapigiwa simu usiku wa manane hali ikibadilika, amechanjwa nini na lini, na tarehe ya kurudi kwa daktari wa mifugo ni ipi. Usione haya kuuliza habari ya pesa.

Kisha andaa mahali. Nasogeza kamera hapa uone kizimba chake. Kiwe na nafasi ya kutosha asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze na ajinyooshe akilala, basi. Kikiwa kikubwa sana ataanza kurukaruka humo ndani, na hicho ndicho tunachokizuia. Sakafu ya vigae itandike kitu kisichoteleza kuanzia kizimbani mpaka mlangoni, kwa sababu mguu mbovu ukiteleza mara moja tu, kazi ya daktari inaweza kuharibika.

Kama una mbwa wengine, watenganishe naye kwa siku 14. Vyombo mbalimbali, matandiko mbalimbali, na wewe unawe mikono ukitoka upande mmoja kwenda wa pili. Virusi vya parvo, vinavyoleta kutapika na kuhara kukali kwa mbwa, hukaa ardhini kwa miezi mingi, na mbwa wa kuokotwa anaweza kuwa amevibeba kabla dalili hazijatokea. Ukurutu nao unahama, tena aina moja yake inawasha hata binadamu. Hakikisha mbwa wako wa nyumbani wamekamilisha chanjo zao kabla hujamkubali mgeni.

Hatua ya pili: siku ya kwanza. Usimwogeshe. Usiwaite majirani waje kumwona. Ukimpokea garini, msogeze taratibu juu ya blanketi nene lililonyooshwa, watu wawili mshike pembe zake, mumbebe kama mgonjwa kwenye machela. Mwingize kizimbani, mwekee maji, punguza mwanga, kaa chini umbali wa hatua chache ukiwa umempa ubavu. Mimi nilisoma kitabu kwa sauti ya chini kwa saa nzima. Doa hakunitazama hata mara moja, ila masikio yake yalikuwa kwangu muda wote.

Mbwa mwenye maumivu anauma, hata aliye mpole kuliko wote. Kabla ya kuuma husema kwa njia yake: analamba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anakakamaa. Ukiona hayo, ondoa mkono. Wakati wa kumfunga bandeji tumia kifunga mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema, lakini kamwe usimfunge mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida. Na akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri uone atakuwaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, lakini chanjo ikiwahi kutolewa inakinga.

Hatua ya tatu: fungua daftari. Tazama ukurasa wangu wa siku ya pili. Nimeandika amekula nini na kiasi gani, amekunywa mara ngapi, amekojoa, choo kilikuwaje, dawa ipi saa ngapi. Chini yake kuna vipimo. Akiwa usingizini, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Kwa kawaida haizidi mara 30. Joto la mwili la mbwa mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke kuona ana joto kuliko wewe. Kipimajoto huingizwa njia ya haja kubwa kikiwa kimepakwa mafuta. Sasa angalia hapa: nainua mdomo, nabonyeza ufizi kwa kidole, unakuwa mweupe, naachia, rangi inarudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ufizi uliopauka, au rangi inayochelewa kurudi, maana yake mpigie daktari sasa hivi.

Hatua ya nne ni chakula, na hapa huruma inaweza kuua. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini mbwa aliyekonda kwa njaa ya muda mrefu usimjazie bakuli. Mwili uliozoea kuishi kwa akiba yake ukipokea chakula kingi ghafla, madini kama fosforasi na potasiamu hushuka kwenye damu kwa kasi, na moyo unaweza kushindwa. Daktari ndiye apange kiasi kwa uzito wake. Kwa Doa ilikuwa milo midogo 6 kwa siku, ikiongezwa kidogokidogo kwa muda wa siku 10 hivi. Alikuwa analamba bakuli tupu na kunitazama. Ilinichoma, lakini sikuongeza.

Visivyoruhusiwa kabisa: vitunguu vya aina zote, zabibu mbichi na kavu, chokoleti, chochote chenye sukari mbadala ya zailitoli, na mifupa iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali.

Hatua ya tano: dawa na kidonda. Usimpe dawa yako ya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na parasetamoli huweza kuua ini lake kwa kiasi ambacho kwako si kitu. Mpe alichoandikiwa tu, kwa saa zake. Antibiotiki amalize hata kama kidonda kimependeza.

Kidonda kikague asubuhi na jioni, ukipige picha kila siku mahali palepale kwenye mwanga uleule. Jicho husahau, picha haisahau. Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Uvimbe unaoongezeka, usaha, harufu au nyuzi zilizofunguka si kawaida. Usimimine spiriti wala haidrojeni peroksaidi. Vinaunguza nyama changa inayoota. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mpaka siku hiyo koni hii ya shingoni haivuliwi ovyo. Najua inasikitisha kumwona akigonga milango. Dakika tano za kulamba zinatosha kufungua mshono.

Kama ana plasta ngumu au gango, lisilowe. Akitoka nje livike mfuko wa plastiki, akirudi uvue mara moja, jasho lisikusanyike. Kila siku tazama kucha mbili za katikati zinazochungulia chini. Zikianza kuachana, mguu unavimba ndani. Ukiona hivyo, au ukisikia harufu, usingoje kesho.

Sasa tumefika hatua ya sita, ambayo kwangu ndiyo video yenyewe: kupumzika. Wiki mbili za kwanza ni rahisi, kwa sababu mbwa anaumwa na mwenyewe hataki kutoka. Balaa linaanza wiki ya tatu au ya nne. Maumivu yamepungua, mkia unacheza, anakanyaga mguu, wewe umechoka kumwona kizimbani. Kila kitu kinakwambia amepona, isipokuwa mfupa. Mfupa wa mbwa mzima huchukua takribani wiki 8 hadi 12 kuunga, wa mtoto wa mbwa huwahi zaidi, na anayejua umefika wapi ni picha ya eksirei peke yake.

Nakuambia hili kwa sababu nilikosea. Wiki ya nne nilimwachia Doa sebuleni niende kufungua mlango. Nilirudi nikamkuta juu ya kochi, amefurahi kweli. Jioni hakukanyaga tena. Eksirei ilionyesha skrubu moja ya bamba la chuma alilowekewa kushikilia mfupa imelegea. Hakuhitaji kupasuliwa upya, lakini alirudi kizimbani mwanzo wa hesabu, na wiki zile zote alizipoteza yeye, si mimi. Tangu hapo mlango wa kizimba ukifunguka, kamba iko mkononi mwangu, hata kama tunakwenda hatua tatu.

Choo basi ni hivi: kamba fupi, taulo limepitishwa chini ya tumbo mbele ya mapaja, unashikilia ncha zote mbili juu ya mgongo na kubeba sehemu ya uzito. Unatoka, anakojoa, mnarudi. Kama hawezi kusimama kabisa, mgeuze ubavu kila baada ya saa 4 asipate vidonda vya kulalia, na mkaushe akijikojolea.

Mwili ukilala, akili inataka kazi. Chukua taulo, nyunyiza chembe za chakula, likunje, mpe alifungue kwa pua. Mfundishe jina lake. Mfundishe kugusa kiganja chako kwa pua: akigusa, anapata punje moja. Dakika tano za kunusa na kufikiri zinamchosha vizuri. Na kwa kuwa hatembei, daktari akishasema uzito wake umefika, punguza chakula. Kila kilo ya ziada inaegemea mfupa uleule.

Eksirei ikitoa ruhusa, mwanzishe kutembea. Dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, polepole sana. Mwendo wa haraka unamruhusu kuruka kwa miguu mitatu. Wa polepole unamlazimisha kuutumia wa nne. Asipochechemea kesho yake, ongeza dakika 5 kila wiki. Mimi hupima mzunguko wa paja kwa futi kamba ya fundi cherehani na kuandika. Paja la Doa lilikuwa limesinyaa. Sasa, unaona namba hizi, limekaribia kulingana na la pili.

Roho yake nayo inapona kwa kasi yake. Watu wa kazi hii wana kipimo cha siku 3, wiki 3, miezi 3: siku za kushtuka, wiki za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi ya kujiona yupo kwao. Ni kadirio tu. Doa aliogopa ngurumo ya pikipiki, kwa hiyo nilicheza sauti hiyo kwenye simu kwa chini mno huku anakula, nikaipandisha kidogo kila siku chache. Mzoeze pia kubaki peke yake, dakika moja, kisha tatu, kisha kumi. Mbwa asiyeweza kuachwa peke yake hurudishwa upesi sana.

Sasa kumtafutia kwao. Mpige picha nje, mchana, kamera ikiwa usawa wa macho yake. Kovu lionekane. Na uandike ukweli. Tangazo la Doa lilisema: "Anapenda kulala karibu na miguu ya mtu. Anaogopa pikipiki. Hajawahi kuishi na paka. Ana chuma pajani na huenda akachechemea siku za baridi." Waliopiga simu walikuwa wachache, ila waliuliza maswali ya maana. Waombaji waulize atalala wapi, nani atabaki naye mchana, watafanya nini akiugua. Wenye mbwa mwingine wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote, wote wakitembea sambamba kwa kamba kabla ya kunusana. Kuhasiwa na chanjo vikamilike kwanza, daktari akiona mwili unaweza.

Utatamani kumbakiza. Ukimchukua wewe si kosa, lakini jiulize kama kizimba kitabaki wazi kwa mwingine anayesubiri.

Siku ya kukabidhi, funga mzigo huu: chakula chake cha wiki moja ili tumbo lisichafuke, dawa zilizobaki, vyeti vya chanjo, picha za eksirei, na blanketi lake bila kulifua, aende na harufu anayoijua. Mvalishe mkanda wa shingo na wa kifuani, kila mmoja na kamba yake; mbwa wengi hupotea siku za mwanzo mlango wa gari unapofunguliwa. Kisha mpe mwenyeji mpya daftari, mkae mlisome pamoja ukurasa kwa ukurasa. La Doa liko hapa, limejaa mpaka jalada la nyuma.

Baada ya gari kuondoka, sugua kizimba kwa sabuni. Kisha changanya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, paka kote, acha dakika 10, suuza, anika juani. Halafu nunua daftari jipya.