Filta ya Oili ya Pikipiki: Ijue Injini Yako Kabla Hujaenda Dukani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Leo tuko karakana hapa Chake Chake, na mezani nimepanga filta nne za oili. Zote dukani huitwa filta za pikipiki. Kwa hii pikipiki iliyosimama nyuma yangu inafaa moja tu, lakini kuna nyengine hapa ambayo nayo inaingia bila tabu yoyote. Hiyo ndiyo inayoua injini. Sisi watu wa visiwani tunaijua hali: spea ikikosekana inangojewa meli, na muuzaji hataki mteja aondoke mikono mitupu, basi atakwambia, "Chukua hii, inaingia." Kuingia inaingia. Tizama sasa kwa nini haitoshi.

Kwanza kabisa, jiulize kama injini yako ina filta ya kununuliwa. Usicheke. Vespa za zamani, Yamaha DT125, Suzuki AX100, hizo zote ni tustroki. Oili yake inachanganyika na petroli na inaungua humo humo, kwa hiyo hakuna cha kuchujwa. Ipo oili ya giaboksi, lakini hiyo ni habari nyengine. Nikisema Vespa nakusudia Vespa yenyewe. Hizi skuta mpya tunazoziona Nungwi na Paje zimepakia watalii ni fostroki, yaani oili yake haichanganyiki na petroli, na nyingi zina wavu wa chuma chini ya injini, wenye springi na kifuniko.

Halafu kuna Honda CG125 na nakala zake za Kichina, na hizi zimejaa mitaani. Humo hakuna filta ya karatasi. Kuna wavu, unaofanya kazi kama kifumbu cha tui: chicha inabaki, lakini kilicho laini sana kinapita. Ili hicho kilichopita nacho kishikwe, Honda waliweka kikombe kinachozunguka pamoja na krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, nyuma ya kava la upande wa klachi. Kikizunguka, uchafu mzito unarushwa ukingoni na kuganda humo. Nimekifungua hiki hapa mkione. Hili tope jeusi si oili, ni vumbi la chuma na masizi yaliyogandamana. Mafundi wengi wanamwaga oili mwaka mzima bila kukigusa, kwa sababu lazima ufungue kava zima na ununue gasketi mpya. Mwenye CG, pesa uliyotaka kununulia filta nunulia gasketi. Safisha kikombe kwa mafuta ya taa, kifute kikauke, rudisha.

Wenye filta ya karatasi sasa. Utaijuaje? Inama utizame ubavu wa injini, mara nyingi upande wa kulia. Ukiona kifuniko kidogo cha mviringo chenye boliti mbili au tatu, ndani yake kwa kawaida mna filta ya karatasi. Ukiona kopo la chuma limechomoza kama la gari, hiyo ni filta ya kopo, na hukaa zaidi kwenye pikipiki kubwa.

Ukishajua aina, tafuta namba. Namba ya spea imo kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi imeandikwa kwenye filta yenyewe. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, kwa sababu kiwanda hubadilisha injini na jina kikaliacha vile vile. Nenda dukani na filta ya zamani mkononi, na mwaka wa pikipiki uwe nao. Lakini kumbuka, kama fundi aliyepita aliweka isiyo yake, ya zamani nayo itakudanganya. Kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Tupime. Nachukua venia, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili. Kwa filta ya karatasi napima urefu, upana wa nje, na tundu la katikati. Kisha natizama ncha zote mbili: hii ina tundu upande mmoja tu, hii imetoboka pande zote. Hizo si sawa, hata urefu ukilingana. Ikiwa fupi kwa milimita mbili tatu, springi haiikandamizi vizuri, na oili itapita pembeni bila kuchujwa. Pikipiki itawaka, itatembea, hutojua kitu. Ikiwa ndefu, kifuniko hakikai, na wewe utakaza mpaka uzi wa alumini uchomoke.

Kwa filta ya kopo, uzi ndio khasa. Honda nyingi kubwa hutumia M20 kwa hatua ya 1.5, yaani uzi wa upana wa milimita 20, na kutoka jino moja la uzi hadi la pili ni milimita moja na nusu. Magari mengi, na baadhi ya pikipiki, yana uzi wa robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19. Ukichukua kopo la M20 ukalifunga kwenye uzi wa robo tatu, litaingia kwa ulegevu, utahisi limekaza, na presha ya oili ikipanda linaweza kuchomoka njiani. Oili yote inamwagika kwenye tairi la nyuma. Mtu yuko mwendo, kapakia.

Na hata uzi ukiwa sawa, ndani ya kopo mna valvu. Karatasi ikiziba, valvu inafunguka ili injini ipate oili chafu badala ya kukosa kabisa. Injini nyengine zina hiyo valvu zenyewe ndani, nyengine zinaitegemea ya kwenye filta. Kwa nje huwezi kuiona. Ndiyo maana mimi sifungi filta ya gari kwenye pikipiki, hata mteja aniambie ya jirani yake imefungwa na inatembea.

Ubora: mikunjo ya karatasi iwe sawasawa, gundi iwe imeshika ncha zote, mpira uwe laini ukiubonyeza. Kopo lenye kutu liache; kwa hewa yetu ya chumvi, kilichokaa rafuni bila mfuko kinaliwa. Boksi zuri halina maana yoyote, maboksi yanachapishwa.

Tunafunga. Washa injini dakika chache ipate moto kidogo, zima, weka beseni, mwaga oili. Fungua kifuniko na uangalie springi imekaaje kabla hujaitoa. Piga picha kwa simu. Filta hii ina maandishi ya Kiingereza yanayoonesha upande wa nje. Ukiigeuza unaziba njia ya oili, na injini inanoki, yaani inakwama kwa kukosa oili. Weka oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ipake oili kidogo. Boliti zikaze kwa mkono mwepesi. Kopo nalo: paka mpira oili, zungusha mpaka mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ya nini?

Jaza oili kwa kipimo cha kitabu. Pikipiki ambayo klachi yake inaoga oili inataka oili yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. MB ni ya skuta. Ukiitia kwenye pikipiki kama hiyo, klachi inaweza kuteleza. Washa dakika mbili, kagua kama inavuja, zima, subiri, simamisha pikipiki wima upime tena.

Oili chafu usiimwage chini. Maji yetu ya kunywa yanatoka ardhini. Weka dumuni, wajenzi wataichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Filta ya zamani ikate uikunjue karatasi. Ukipitisha sumaku na vipande vikanasa, ni chuma, peleka injini kwa fundi. Vinavyong'aa bila kunasa ni alumini, huenda pistoni. Vyeusi vyenye nyuzi nyuzi, tizama klachi.

Mwenye injini ambayo sikuitaja, niandikie hapo chini aina na mwaka, na picha ya ubavu wa kulia. Futa matope kwanza.