Sita na Tisa: Kuwafundisha Wanafunzi Kuhusu Uziwi

Ndugu walimu wenzangu,

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikilianza somo hili kwa kuwagawia wanafunzi pamba wazibe masikio, nikidhani kwamba kwa njia hiyo wataujua uziwi. Walichekelea, wakapaziana sauti, na kipindi kikaisha wakiamini kwamba asiyesikia vizuri anahitaji tu kupigiwa kelele. Kosa lilikuwa langu. Mara nyingi tatizo si udogo wa sauti peke yake, bali ni kwamba maneno humfikia mtu yakiwa yamemomonyoka.

Siku hizi ninaanza na namba mbili, sita na tisa. Katika sikio la ndani mna koklea, kiungo kilichojiviringa kama kombe la konokono, chenye seli za vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa za kupelekwa kwenye ubongo. Zile zinazopokea sauti nyembamba ndizo aghalabu huharibika kwanza, na kwa binadamu seli hizo zikishakufa hazioti tena. Irabu, zenye nguvu zaidi, hupita. S, t na f hupotea. Basi tamkeni "sita" na "tisa" bila konsonanti, mkawaambie wanafunzi waandike walichosikia: yote mawili yatabaki "i-a". Atakayejigamba kwamba angesoma midomo ajaribiwe papo hapo, kwa kuwa s na t hutamkwa ulimi ukiwa nyuma ya meno, na midomo haimwambii mtazamaji lolote, kama vile "baba", "papa" na "mama" yanavyofanana mdomoni. Kifaa cha kusaidia kusikia nacho hukuza sauti ya mwalimu pamoja na mburuzo wa madawati, kwa hiyo asidhaniwe aliyekivaa kuwa sasa anasikia kama wenzake.

Neno "bubu" lisiachwe lipite darasani. Koo la kiziwi kwa kawaida halina kasoro, na wengi wao wana lugha kamili mikononi. Wanafunzi wakubwa waelezwe kwamba mwaka 1880, mjini Milan, mkutano wa walimu ambao karibu wote walikuwa wanaosikia uliamua viziwi wafundishwe kwa kusema na lugha ya alama iachwe, na kwamba ilibidi kusubiri hadi 1960 ndipo mwanaisimu William Stokoe, nchini Marekani, alipochapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa alama zina muundo wa lugha kama maneno yalivyo nao. Mjadala unaofuata huwa mkali, nami huuacha uendelee hata kengele ikilia.

Kisha ninawaonyesha sita na tisa kwa lugha ya alama, namba ambazo hapo hakuna anayezichanganya. Karibu kila mara hutokea mwanafunzi anayeuliza kwa nini, basi, sisi walimu hutaja namba za kurasa huku tumegeukia ubao. Sijapata jibu lingine zaidi ya kuwageukia na kuinyoosha mikono yangu.