Babu yangu wa Ohio hataki kuitwa mzee

Haya wapendwa, mambo vipi, za huko nyumbani. Mtanisamehe leo sijajiremba, ndo nimetoka zamu, niko ndani ya gari bado na sare za kazini na hiyo theluji mnaiona wenyewe. Nikasema niongee hapahapa, maana nikifika nyumbani usingizi utanibeba. Kwenye video ya juzi mmenishambulia kweli kwa maoni yenu, eti dada, wazungu hawana upendo, wazazi wao wakizeeka wanaenda kuwatupa, sijui nini. Sikatai, mi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa nasema hivohivo, tena kwa sauti.

Wanaonifatilia wanajua kazi yangu hapa Ohio ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Kuna babu mmoja, jina sitaji na sura hamtaiona, kazaliwa 1950. Siku ya kwanza akataka nimfundishe Kiswahili, nikampa shikamoo, akafurahi, nikamwambia na mtu kama wewe kwetu anaitwa mzee. Akauliza maana yake. Nikamwambia. Weee! Akachukua rimoti akaongeza sauti ya TV, mpaka nafunga mlango kuondoka hajanisemesha. Kumbe nimemtukana bana. Kwetu jamaa wa miaka arobaini ukimwita mzee anakununulia soda, huyu wa sabini na kitu kanuna siku mbili.

Nikawa najiuliza huyu na uzee wamekosana wapi.

Sasa hawa huku wanaitwa bebi buma, waliozaliwa 1946 mpaka 1964. Wanajeshi walikuwa wametoka Vita Kuu ya Pili, serikali ikawapa mikopo ya nyumba na hela ya kusomea, watu wakaoa, wakazaa, watoto kama milioni 76 ndani ya hiyo miaka, yani mpaka madarasa yakawa hayatoshi. Walivyokuwa watoto nchi nzima inahangaika na watoto, walivyokuwa vijana nchi nzima inaongelea vijana. Na saivi wale wa mwanzo ndo wanaingia themanini, ikifika 2030 hakuna hata mmoja wao aliye chini ya 65, ndo maana kazi zetu hizi za kuogesha hazikauki.

Ila msidhani wote walikula bata. Wanajeshi weusi walipigana vita hiyohiyo na wengi wao mikopo ile hawakuionja, mitaa mipya kama Levittown kule New York ilikuwa na masharti ya maandishi kabisa, weupe tu. Nina bibi mwingine, wa 1948, mweusi, kakulia Alabama, sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile ya kukataza ubaguzi wa rangi, imemkuta ana miaka 16. Huyo ukimsikiliza afu ukamsikiliza babu utadhani wamekulia nchi mbili. Bibi anasema alikuwa mwalimu, mshahara wake, kaachika, akaenda benki kuomba kadi ya mkopo wakamwambia lete mwanaume asaini. Ni mpaka 1974 ndo ikatungwa sheria kwamba benki haiwezi kumnyima mtu mkopo kisa ni mwanamke. Ile kadi yake ya kwanza anayo mpaka leo kwenye kopo la vifungo, kaikata katikati ilivyoisha muda lakini hakuitupa. Sasa mtu kama huyo umwambie mwanao ndo atakusainia fomu za hospitali, atakuangalia hivi, utatafuta pa kujificha.

Turudi kwa babu. Huwa namnyoa ndevu Jumanne na Ijumaa, na ukimnyoa mtu anaongea. Akanisimulia Desemba 1969, siku ya bahati nasibu ya jeshi. Yani live kwenye TV, tarehe zote za mwaka wameziweka kwenye vidude vya plastiki vya bluu, vimetiwa kwenye chombo kikubwa cha kioo, wanatoa kimoja kimoja, tarehe yako ya kuzaliwa ikitoka mapema unaitwa jeshini, kwa ajili ya vita ya Vietnam. Ya kwanza ilikuwa Septemba 14. Babu akapata namba mia tatu na kitu, na walioitwa waliishia 195. Rafiki yake wa nyumba ya pili akapata ya chini. Hakurudi, jina lake liko kwenye ule ukuta mweusi Washington wenye majina ya waliokufa vita hiyo. Nikasimamisha wembe kidogo maana shavu lilikuwa linatetemeka. Baada ya hapo akafuga nywele, akagombana na baba yake, miaka minne hawajasemeshana, sababu baba alikuwa anasema vijana waende. Hapo ndo nikaanza kuelewa. Mimi nikisema mzee namaanisha mwenye busara, yeye anasikia wale waliokaa ofisini wakapeleka wenzake wakafe.

Afu akaoa, akaingia kiwanda cha chuma Youngstown, hapahapa Ohio. Septemba 19, 1977, ilikuwa Jumatatu, kampuni ikatangaza inafunga, maelfu wako nje. Huku bado wanaiita Jumatatu Nyeusi. Nikamwambia babu, mwaka huohuo baba yangu alikuwa reli Tabora na Jumuiya ya Afrika Mashariki ndo ikavunjika. Wenye umri mnawakumbuka wale wastaafu wa Jumuiya na maandamano yao Dar wakidai mafao. Babu akacheka, akasema kumbe na nyie.

Sasa tofauti ni nini. Ile bima ya wazee ya huku, Medicare, hospitali inalipa, ila mtu wa kukuogesha na kukulisha mwaka mzima hailipi, ukitaka ile nyingine ya wasio na uwezo lazima mali yako uwe umeimaliza karibu yote kwanza. Kwa hiyo nyumba inaliwa kidogokidogo. Kwetu baba haliwi nyumba, kwetu kuna dada yangu. Dada aliacha biashara yake ya vitenge, mwaka wa saba huu anamnyanyua baba kitandani. Mimi natuma hela ya dawa, na hiyo hela naipata kwa kumwogesha baba wa mwenzangu. Mnaosema kwetu kuna upendo, sawa, lakini mmeshamuuliza dada?

Mwezi uliopita babu kagonga sanduku la barua la jirani na gari. Binti yake akapanda ndege kutoka Arizona kuja kumnyang'anya funguo. Binti analia jikoni, babu kakaa sebuleni kazikunja funguo kwenye ngumi, mtu ambaye leseni kaipata na miaka 16. Akaniita. Akaniuliza, eti kwenu, mzee akinyang'anywa gari anapewa nini? Kalitamka mwenyewe hilo neno. Nikamwambia baba yangu hajawahi kuwa na gari. Akacheka mpaka akakohoa, afu akanipa funguo mimi, binti hakumpa.

Ziko kwenye droo ya vijiko. Anajua.

Haya ngoja nikwangue barafu kwenye kioo, nisije nikalala humu. Alhamisi tutaonana.