Nani Apime Mwamba wa Chini ya Bahari?

Haya, asanteni, kaeni, kaeni. Wengi hapa mshanisikia na hii maneno, kwamba mwamba wa kufukia kaboni dayoksaidi upimwe na mtu huru, si kampuni yenye mradi peke yake, na leo mtanisikia tena, kwa sababu kila nikidhani imeeleweka naletewa ripoti ya kampuni ya kurasa 300 niipitie, nikiuliza data yenyewe iko wapi naambiwa, "Data ni ya kampuni, Daktari, we soma tu muhtasari." Muhtasari! Sasa nipitie nini hapo?

Misingi ya kufukia kaboni dayoksaidi chini ya bahari mnaijua, siirudii. Mawe ya mchanga yenye vitundu vidogo vya kuishika gesi, juu yake mwamba wa udongo usiopitisha gesi, ndio kifuniko, kina kizidi kama mita 800 ndio presha iishikilie gesi ibanane. Twende.

Shangazi yangu yuko Kitengela. Alitaka kisima, kampuni ya kuchimba ikamwambia usihangaike na mtaalamu wa nje, kupima ni bure ukichimba na sisi. Bure! Jamani, mtu analipwa kwa kila mita anayochimba halafu huyo huyo ndiye akwambie kama maji yapo, atasema hayapo? Ripoti ikaja na rangi zake, maji yako mita 180. Wakafika 180, vumbi. Wakasema tuongeze kidogo, 200, 220, 250, na kila mita shangazi analipa, ng'ombe wawili wakaenda, na maji yalipotoka yalikuwa membamba kama ya mdomo wa kettle, kupeleka maabara floraidi imejaa, hayanyweki. Nilienda mwenyewe kuomba zile namba walizosoma siku ya kwanza pale shambani. Hakuna aliyenipa. Kulikuwa na grafu moja tu, laini imechorwa inapita pale pale ambapo mchimbaji angetaka ipite. Nukta zenyewe, yaani vile vipimo, hazikuwepo. Hiyo laini bila nukta ndiyo inanikosesha usingizi mpaka leo.

Mtaniambia Kitengela na bahari wapi na wapi. Chukua Snøhvit, mradi wa kufukia hii gesi chini ya bahari, kaskazini mwa Norway. Walioiendesha hawakuwa wageni, walikuwa na mradi mwingine kama huo, Sleipner, tangu 1996, wakifukia karibu tani milioni moja kila mwaka. Snøhvit wakaanza 2008 kwenye tabaka la Tubåen, presha ikapanda haraka kuliko hesabu zao, kwa sababu ule mchanga haukuwa umeunganika vizuri kama walivyotarajia. 2011 ikabidi wahamie tabaka lingine, Stø. Hakuna kilichovuja, msiende kusema nimesema kimevuja! Ninachosema ni kwamba watu wenye uzoefu kuliko sisi wote humu ndani waliusoma mwamba wakakosea. Hata Sleipner kwenyewe, picha za mitetemo, zile za kutuma mtetemo chini na kusikiliza mwangwi wake, za 1999 zilionyesha gesi ishapenya tabaka nyembamba za udongo ikapanda karibu juu kabisa ya ule mchanga, ndani ya miaka mitatu tu.

Kwa hivyo mpimaji huru si mtu wa kusoma ripoti na kupiga muhuri. Apewe data mbichi, mitetemo, logi za visima, yaani vipimo vilivyosomwa kisimani kwa kila kina, sampuli za mwamba, halafu achore nyufa zake mwenyewe kabla hajaona walizochora wao, ajenge modeli yake ya presha, na aulize ule mchanga ukiwa umekatika vipande, inakuwaje?

Kuna wa kusema kampuni ndiyo inaujua mwamba kuliko mtu wa nje. Ni kweli, inaujua, na tuisikilize. Lakini anayengoja leseni macho yake yanapenda laini moja kuliko zingine, hata akiwa mwaminifu, hata angekuwa ni mimi. Na wa kusema data ni siri ya biashara, basi mbona Equinor, kampuni yenyewe inayoendesha Sleipner, wametoa data yake kwa umma, wakatoa na ya kisima cha Eos kilichochimbwa kwa ajili ya Northern Lights, mradi mwingine wa Norway wa kufukia kaboni? Biashara yao si inaendelea?

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Visima vya zamani: bonde letu la Lamu lina visima vya kutafuta mafuta baharini, Mbawa ya 2012 mnaijua, na kila kisima ni tundu limepita kwenye kifuniko, kagueni simenti kwanza. Malipo: mpimaji alipwe kupitia serikali, asilipwe na mwenye mradi mkononi. Baada ya kufunga mradi: sheria ya Ulaya ya 2009 inasema kwa kawaida miaka 20 kabla serikali haijapokea mzigo wa kuiangalia hiyo gesi kutoka kwa kampuni, hilo ni mhadhara mzima, naliacha.

Sasa nyinyi wanafunzi. Data ya Sleipner ni bure, nitawapa Ijumaa, wawili wawili, na msisome paper yoyote kwanza. Chora laini zako, njoo na nukta zako. Diski za laptopu ziwe na nafasi, ni faili kubwa.