Simlinki na zile nukta mbili: kwa nini cd na ls hazikubaliani

Karibuni tena, wapendwa. Niko Wandegeya, Kampala, kama kawaida, na hizo kelele ni boda za hapo nje. Dirisha silifungi, joto limezidi. Leo ni simlinki, yaani njia ya mkato inayoelekeza kwenye folda iliyo mahali pengine. Kuingia kwa cd ni rahisi, shida huanza ukitaka kurudi nyuma kwa zile nukta mbili (..), yaani folda ya juu, ile mzazi.

Fungua terminali. Mimi natumia Bash, sheli inayopokea amri ninazoandika, kwenye Ubuntu. Wenye Mac mna sheli ya Zsh, haya ya cd na ls mtayaona vilevile. Andika:

ln -s /srv/duka/picha ~/picha

Folda halisi inatangulia, jina jipya linafuata. Alama ~ ni folda yako ya nyumbani, kwangu ni /home/duka. Sasa cd ~/picha kuingia, halafu pwd, inayotaja ulipo. Inasema /home/duka/picha. Piga cd .. kisha pwd: /home/duka. Umerudi ulikotoka, hakuna neno.

Ingia tena, cd picha. Safari hii usiandike cd, andika ls, inayoorodhesha vilivyomo: ls ..

Ngoja nikuze maandishi, kwenye kamera hayasomeki. Haya. Mnaona? Nakala, picha, risiti. Hivyo si vitu vya nyumbani kwangu! Nukta mbili ni zilezile, lakini cd imekupeleka huku na ls inakuonyesha kule.

Iko hivi. cd ni amri ya ndani ya sheli yenyewe. Sheli inatunza njia uliyopitia, imo kwenye kigeu chake PWD, na ukisema cd .. inakata kipande cha mwisho cha maandishi hayo, basi. ls haina habari na hiyo njia. Inaikabidhi kerneli, kiini cha mfumo, zile nukta mbili, na kerneli inamtafuta mzazi wa folda halisi. Simlinki uliyoingilia kwake haipo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wanapolia. mv (kuhamisha), cp (kunakili) na rm (kufuta) zinafuata njia ya ls, si ya cd. Ukiwa ndani ya picha ukaandika mv harusi.jpg .. faili haiendi /home/duka. Inaenda kwa mzazi halisi, na ikikuta huko harusi.jpg nyingine, inaweza kuifunika bila kukuuliza. Weka mv -i, walau iulize. Na rm -r ../nakala, inayofuta folda na vyote vilivyomo? Ssebo, toa mkono kwenye kibodi! Piga ls ../nakala kwanza, usome kilichomo, ndipo uamue. Na usidhani utaikwepa kwa kuandika ~/picha/.. maana ls na rm zitakwenda kulekule. Ukitaka nyumbani, badala ya hizo nukta andika ~ peke yake. Narudia: nukta mbili ndani ya simlinki, usifute kitu kabla ya ls.

Kujua uliko kweli, andika pwd -P, P kubwa. Tunatarajia /srv/duka/pi... hee. Imetoka /mnt/diski2/duka/picha. Subirini kidogo. ls -ld /srv/duka... ahaa, mshale huo hapo: /srv/duka nayo ni simlinki, inaelekea diski ya pili. Sikati kipande hiki, kinafaa. P haiishii kwenye simlinki ya kwanza, inafumua zote hadi mwisho.

Kwa hiyo ukitaka cd nayo iache kukumbuka, ingia kwa cd -P ~/picha. Sasa cd .. inakutoa /mnt/diski2/duka, sawasawa na ls. Wapo wanaoandika set -P kwenye .bashrc, faili ambalo Bash hulisoma ikianza, ili iwe hivyo siku zote. Mimi sipendi. Njia inakuwa ndefu inajaza nusu ya mstari, na raha ya simlinki ni lile jina fupi. Kwenye skripti lakini, yaani faili la amri zinazojiendesha, hapo natumia -P bila kubishana, kwa sababu skripti haina macho ya kuangalia imefika wapi.

Kuiondoa: unlink ~/picha. Usiweke mkwaju (/) mwishoni. Kitufe cha Tab kikikuwekea, ufute. Na rm -r usiiguse hapa, picha za watu zimo humo ndani.

Wanaotaka flashi yenye Ubuntu tayari, zipo mezani. Leteni tu laptopu iliyochajiwa, umeme wa leo siuamini.