Mpimeni Mtoto Kwanza, Ndipo Mlete Kiti

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, wazazi mliokuja na watoto wenu, wakubwa shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ujumuishwaji wa watu wenye ulemavu katika jamii zetu. Sheria ya mwaka 2010 mnayo ofisini, na mkataba wa Umoja wa Mataifa nchi yetu iliuridhia 2009, kwa hiyo sitawasomea vifungu. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema habari ya viti mwendo, yaani viti vya magurudumu. Leo nitaisema tena, maana nikipita mitaani bado nakutana na vile vile.

Sherehe ya kukabidhi viti mnaijua. Turubai limefungwa, mgeni rasmi amefika, viti vimepangwa mstari na nailoni zake bado hazijatolewa. Mtoto anabebwa, anawekwa kitini, picha inapigwa, watu wanapiga makofi. Sasa kiangalieni kile kiti. Upana wake ni wa mtu mzima. Ni kiti cha hospitali, kilichotengenezwa kumtoa mgonjwa wodini na kumpeleka eksirei kwenye sakafu laini. Magurudumu yake ya mbele ni madogo, yakifika kwenye mchanga yanazama, na mama anageuka kuwa mtu wa kuburuta chuma na mtoto kwa pamoja.

Hilo la mchanga ni dogo. Ndani ya kiti kile mmemkalisha mtoto wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo. Nyonga zake zinateleza kuja mbele. Kiwiliwili kinalalia upande kwa sababu hakuna kinachokishikilia. Miguu inaning'inia, haina pa kukanyaga, misuli inazidi kukaza. Mwacheni hivyo mwaka mzima, uti wa mgongo utapinda, na mgongo uliopinda unabana mapafu. Mama anaona mtoto anaumia, anamtoa na kumrudisha mkekani. Huko anamlisha uji akiwa amelala chali. Uji unaingia njia ya hewa, mtoto anapaliwa, wiki ijayo ana nimonia. Wengi wa watoto hawa hawaondoki kwa sababu ya mtindio wa ubongo wenyewe. Kinachowamaliza ni kifua.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini mtaalamu, kibaya si afadhali kuliko kukosa?" Nimeulizwa hivyo na watu wazuri, wenye nia njema, na jibu langu ni lile lile: hapana. Kiti kisichomtosha mtoto kinamdhuru. Halafu kinafanya kosa la pili, kwamba jina lake linafutwa kwenye orodha ya wahitaji. Mwakani mama akija kuomba anaambiwa, "Wewe si ulishapewa?" Mtoto amekua, kiti kimekatika, na kwenye daftari yeye amehudumiwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008, kwa ajili ya nchi kama zetu zenye uwezo mdogo. Umetaja hatua nane za kumpatia mtu kiti. Mtu anaelekezwa kwenye huduma, anapimwa, kinaandikwa kiti kinachomfaa, fedha zinatafutwa na kiti kinaagizwa, kinaandaliwa, anajaribishwa nacho, anafundishwa kukitumia yeye na familia yake, kisha anafuatiliwa na kiti kinatengenezwa kikiharibika. Sisi hizo nane tumeziruka, tumebaki na kukabidhi peke yake, tena tunakupigia vigelegele.

Msiniambie wataalamu hawapo nchini. Chuo cha TATCOT kipo Moshi, pale hospitali ya KCMC, tangu 1981. Kimefundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, na wanafunzi wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma kwetu. Ni wachache, kweli. Basi mfadhili anapokuja na kontena, mwenyekiti amwulize kwanza, "Umeleta na fundi wa kupima?" Kama hakuja naye, tukae tuongee upya.

Sasa jambo ambalo hasa limenileta. Kwa watoto wadogo, kiti cha kwanza hakihitaji kontena wala mgeni rasmi. Kinahitaji seremala wa mtaani kwenu. Chukueni futi kamba ya fundi cherehani. Pimeni upana wa nyonga. Pimeni urefu wa paja, kutoka makalio hadi nyuma ya goti. Pimeni kutoka goti hadi kisigino. Pimeni kutoka pale anapokalia hadi begani. Vipimo vinne tu, na mtu wa utengamao, yule wa mazoezi ya viungo, wa hospitali ya wilaya akiwepo atawaongoza. Kwa hivyo vipimo seremala anatengeneza kiti cha kona: mbao mbili za mgongo zimekutana kwa pembe, mabega ya mtoto yanasogea mbele, mikono inakuja kati. Makalio yamefika nyuma kabisa, magoti yamekunjwa vizuri, nyayo zimekanyaga ubao, mbele kuna kimeza kidogo. Mtoto yule yule aliyekuwa anatazama dari kutwa nzima sasa anaona nani ameingia mlangoni. Anameza vizuri. Anashika kijiko.

Na kama mbao ni ghali, kuna njia ya karatasi iliyoanzia Zimbabwe. Maboksi ya dukani mnayoyachoma jioni yanakatwa, yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, yanaanikwa juani mpaka yakauke kabisa, yanapakwa rangi yasinyonye maji. Kinatoka kiti kigumu kweli. Watu hucheka nikisema karatasi. Mtu mzima anakikalia. Nawaomba wenye maduka humu, maboksi hayo wapeni kikundi cha wazazi.

Nimesema wazazi, na hapa naomba mnivumilie, maana kuna kauli inayonikera. Kila kikao kiongozi anasimama na kusema, "Wazazi waache kuwaficha watoto wenye ulemavu ndani." Mama ana mtoto wa miaka tisa, kilo zaidi ya ishirini, anambeba mgongoni. Daladala hazimsimamii. Ofisi yako, Mheshimiwa, ina ngazi sita mlangoni. Mume aliondoka siku alipoambiwa mtoto hatatembea, na upande wa mume wanasema mkosi ni wa kwao mwanamke. Biashara yake ya maandazi imekufa kwa sababu hawezi kumwacha mtoto hata nusu saa. Huyo unasema amemficha mtoto? Wapo wanaoficha, sikatai, na wapo wanaofungia, na hao sheria iwashike. Lakini wengi mnaowaita wafichaji wamechoka, na hakuna aliyewahi kugonga mlango kuuliza, "Leo nikushikie mtoto uende sokoni?"

Wazazi wakiwa watano au sita mtaa mmoja, wanaweza kupokezana siku. Leo watoto wako kwa mama huyu, wenzake wanne wako kwenye biashara zao. Wanachohitaji kwenu ni chumba chenye choo cha karibu, na ofisi ya mtaa mara nyingi inacho chumba kinachokaa na viti vibovu. Kitoeni.

Mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa. Basi, haraka. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya kuwakopesha watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi Julai 2024. Wapelekeeni taarifa nyumbani, msiibandike ubaoni tu, maana asiyeona haoni bango. Habari ya shule nilitaka niiseme kwa kirefu, itabidi iwe siku nyingine.

Sensa ya 2022 ilipata asilimia 11.2 wenye ulemavu, ila hesabu hiyo ni ya wenye miaka 7 na kuendelea. Mtoto wa miaka mitatu anayeweza kunusurika na mgongo kupinda hayumo. Kwa hiyo kila mwenyekiti aje kikao kijacho na orodha ya watoto wa mtaa wake walio chini ya umri huo. Balozi wa nyumba kumi anawajua wote, mwulizeni.

Fundi seremala yupo hapo nje na kiti kimoja, na futi kamba anayo. Wazazi mliokuja na watoto mtangulie kutoka wapimwe. Wenyeviti nanyi mkae pale mwangalie vipimo vinavyochukuliwa, ili mkirudi mitaani mumwelekeze seremala wenu.